Kitambaa cha Kumi na Mbili

Mkaguzi wa matangi pale karakana ya ndege mjini Getafe ana vidole vifupi na sauti ya mtu anayeagiza kahawa, hata anapozuia ndege. Ndege zenyewe zilizoea kubeba watalii. Hapa hugeuzwa ziwe za kunywesha mafuta ndege za kivita zikiwa angani. Tangi halifungwi kabla hajahesabu vitambaa vyekundu vyenye namba, vya kufutia mabomba. Huvigusa kimoja kimoja, kama mama anayepima watoto wake homa. Siku ya kukabidhi ndege ya tano alipata kumi na kimoja. "Stoo ilitoa kumi na viwili," alisema. "Mama, wanajeshi wanafika saa sita," akasema Casimiro, msimamizi wa zamu. "Na kupekua tangi ni kazi ya kutwa. Labda umekosea." "Labda," alijibu, akahesabu upya, polepole zaidi, kwa heshima yake. "Kumi na kimoja, bosi. Kikiziba pampu, utapanda wewe angani na ndoo?"

Saa nne wote waliketi kula, maana huko hata vita husubiri mkate wa saa nne. Casimiro akafungua mkate wake wa mayai na viazi, ambayo huko watu hubishana kama yatiwe kitunguu au la. Asubuhi alikosa karatasi, akaufunga kwa kilichokuwa karibu: chekundu, chenye namba. Akavuka karakana nzima akiwa amekishika mbele ya watu. Mkaguzi akakikung'uta makombo, akakiweka juu ya wenzake.

"Mayai yana kitunguu?"

"Yanacho."

"Afadhali," akasema, akatia saini.