Sherehe ya Mtoto wa Mke Mwenza

Harufu ya bisi, hata leo, hunipandisha hasira. Wenzangu wakiisikia kwenye maduka makubwa hapa Maskati hukumbuka sinema na kuanza kutafuta pochi. Mimi hukaza taya. Mume wangu ameshazoea. Hunishika mkono akanipitisha haraka mpaka upande wa viatu, na hajawahi kuniuliza sababu. Nyinyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Madinat Sultan Qaboos, kwenye nyumba ambayo Mama aliirithi kwa baba yake, yenye ua wa vigae na mndimu uliokataa katakata kuzaa. Kwetu mtoto akitimiza mwaka hufanyiwa holhol: hukalishwa kati kwenye mkeka, hufunikwa kanga, kisha humwagiwa kichwani kapu zima la bisi, peremende na njugu, na watoto wote waliokuja hurukia chini kugombania. Hakuna sherehe niliyoipenda zaidi. Kwa hiyo Mama aliposema Alhamisi tutafanya holhol nilirukaruka kwanza, ndipo nikajiuliza ni ya nani, maana mtoto wa mwisho nyumbani nilikuwa mimi.

Ilikuwa ya Haitham. Haitham alikuwa mtoto wa Bi Rukia, na Bi Rukia alikuwa mke wa pili wa Baba. Baba alimwoa Tanga bila kumwambia mtu, akamleta na kumweka kwenye fleti ya vyumba viwili huko Ruwi. Mama alikuja kujua mtoto akiwa ameshaota meno mawili. Nikaambiwa nimwite Bi Rukia mama mdogo, nikakataa. Nilimwita "yule", mbele yake na nyuma yake, na hakuna aliyenikemea, jambo lililonikasirisha zaidi.

Sasa huyo ndiye wa kufanyiwa sherehe, tena nyumbani kwetu? Wiki nzima Mama alikuwa kwenye simu. Aliwaita shangazi zangu wote, binamu za Baba kutoka Nizwa, wake za wenzake Baba wa kazini, wote na watoto wao. Aliagiza keki ya ghorofa mbili. Alikaanga sambusa na katlesi, akasugua vigae mpaka nikaogopa kuvikanyaga. Shangazi Zuwena, dada yake Baba, alikuwa ameshasema mbele yangu kwamba mke akiletewa mwenziwe hukaa ndani kimya, watu wasipate cha kucheka. Na Mama alikuwa akiwaita waje kucheka, kisha anawapikia! Nilimfuata chumba hadi chumba nikitokota, naye akanituma vitambaa.

Alhamisi alasiri watoto walimiminika. Mmoja alikojoa kwenye chungu cha maua. Wawili walimfunga paka wa jirani puto mkiani, paka akapanda pazia, pazia likashuka naye. Bi Rukia alikaa ukingoni mwa kochi, amebana abaya lake mpaka shingoni, mtoto mapajani, na hakuna aliyemsemesha. Nilifurahi, nasema kweli. Lakini haikunitosha. Nilitaka shughuli ivunjike watu waende zao kabla hawajaanza kumcheka mama yangu. Nikapita nikiwanong'oneza watoto kwamba kapu liko jikoni, na atakayelifikia kwanza ni lake lote.

Sikuwahi kuona jambo kama lile. Waliingia jikoni kwa mpigo mmoja. Kapu likapinduka, bisi zikaingia kwenye birika la kahawa, watoto wakawa wanateleza kwa matumbo juu ya njugu, na keki ya ghorofa mbili ikabaki ghorofa moja. Nilisimama mlangoni nikisubiri aibu ianze. Badala yake wanawake waliangua kicheko, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hata Bi Rukia alicheka, kwa sauti ya kwikwi, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Ndipo bibi mmoja akasogea kumwuliza jina la mtoto. Mimi nilitamani kulia.

Mama hakunipiga. Alinitazama mara moja tu, nikajua kwamba amejua. Kisha akampigia simu Baba, aliyekuwa nje ya geti ndani ya gari lake, injini inanguruma, akamwambia mbele ya watu wote akanunue bisi nyingine na peremende. Baba alikuwa ameshatumwa barafu na nepi. Akaenda, akarudi, akakabidhi mifuko getini na kurudi garini. Mimi nilidhani anafuata kiyoyozi.

Mama akaketi mkekani, akampakata Haitham, akamtandia kanga yake mwenyewe, kisha akanipa kapu.

"Mmwagie ndugu yako."

Nikasema huyo si ndugu yangu.

"Mtoto wa babaako huyu, na kila aliyepo hapa keshajua," akasema Mama, wala hakupandisha sauti. "Mwaga."

Nilimwaga kwa nguvu zangu zote, juu ya vichwa vyao wote wawili. Peremende moja ilimpiga Mama kwenye paji. Haitham, bisi mdomoni, aliinua uso akanichekea kwa meno yake mawili na kuninyooshea mikono nimbebe. Kwa hilo nilimchukia miezi miwili mizima, halafu nikashindwa kuendelea.

Wageni walipoondoka, Shangazi Zuwena alisema wifi yake ana subira, na wenziwe wakalirudia neno hilo mpaka kwenye magari. Subira! Nililichukia neno lile mpaka nikaolewa. Nilimwona Mama kuwa mtu anayemeza kila anachopewa, na siku moja, tukiwa tunamenya kamba jikoni kwake, nikamtamkia hivyo hivyo. Nikamwambia alisamehe upesi mno.

"Nani kakwambia nlisamehe?" Hakuinua hata macho. "Nlikuwa na hasira tele. Babaako kamficha mtoto mwaka mzima, kama kitu cha wizi. Nkasema basi, mtoto hatofichwa tena. Atakayejificha ni yeye."

Ndipo nikawapitia wageni wale kichwani, mmoja mmoja. Hapakuwa na rafiki hata mmoja wa Mama. Wote walikuwa watu wa Baba, wale aliowaogopa.

Na kuna jambo sijawaambia, kwa kuwa linanitia aibu. Siku ile niliyomkasirikia kila mtu, mtu mmoja tu nilimwonea huruma: Baba, peke yake garini. Nilikata kipande kikubwa cha ile ghorofa iliyobaki, nikatoka na sahani nimeificha chini ya mtandio. Mama alinikuta mlango wa jikoni, bisi bado zimo kwenye nywele zake. Akafunua mtandio, akaiona keki, akajua inakokwenda. Nikajiandaa kupokonywa. Akafungua droo, akanipa na kijiko.

Mimi hasira yangu nilimmwagia mtoto wa mwaka mmoja. Ya Mama ilikuwa kubwa, ingetosha nyumba nzima, na mimi hakunigawia hata kidogo.