Kidole Alichomnyima Mnyama

Mzee Sifaeli Nnko, wa hapa kwetu Maji ya Chai upande wa juu wa barabara, amekwisha kumwona mnyama wa Ufunuo mara tano, na kila mara mnyama alikuja na umbo jingine. Mimi ni jirani yake mwaka wa thelathini huu, uzio wetu ni mmoja. Wanyama wote watano nimewaona wakija, nikawaona wakiondoka. Sifaeli hajaondoka.

Wa kwanza alikuja kwenye sabuni. Ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye karatasi za bidhaa, Sifaeli alisema kila mstari ni tarakimu, na ukizijumlisha zote unapata ile namba ya mnyama, mia sita sitini na sita. Alizijumlishaje, hakusema, maana shule aliiacha darasa la pili akaenda kuchunga mbuzi wa babu yake. Mkewe Aikaeli, tunayemwita Mama Esther, akawa anachuna karatasi ya sabuni njiani, anaingia nyumbani na kipande kitupu kama kilichookotwa mtoni.

Wa pili alikuwa kompyuta. Huyo alitarajiwa mwaka elfu mbili unapoingia. Desemba yake Sifaeli akachuma kahawa yote shambani, mbivu na mbichi, ili Mpinga Kristo asiikute mtini. Kwa wasiojua kahawa niseme: mbichi haimenyeki wala hainunuliwi. Januari dunia ikaamka palepale ilipolala, na Sifaeli peke yake ndiye aliyekuwa na magunia ya punje za kijani ambazo hata kuku walizikanyaga wakapita.

Wa tatu alikuwa laini ya simu, ilipobidi kila mtu aisajili kwa kidole. Wa nne kile kibao cha namba ya nyumba. Vijana wa mtaa walikipigilia ukutani kwake mchana, jioni akaking'oa akakipigilia kwenye banda la nguruwe. Mpaka leo kwa hesabu za serikali nguruwe wa Sifaeli wana anwani, yeye hana.

Tulicheka, ndiyo. Watu wa Jumuiya yetu tulikuwa tukikutana nyumba kwa nyumba kila Ijumaa saa kumi, na ikifika zamu ya kwake tulikuwa tunajaa hata wasio wa Jumuiya, kwa sababu kulikuwa na loshoro nzuri, ule uji wetu mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, na kulikuwa na Sifaeli. Alikaa kwenye kiti chenye mito. Alisema, "Mama Esther, soma." Aikaeli, aliyemaliza la saba na mwenye sauti ya kwaya, alisoma mstari mmoja. Sifaeli akaueleza nusu saa. "Soma tena." Mstari mmoja, nusu saa. Yeye mwenyewe herufi za Biblia zilimshinda tangu ujana, lakini usingejua, maana alikuwa na kazi ya kueleza, na mwenye kueleza haulizwi kama anajua kusoma.

Mnyama wa tano ndiye hakuchekesha.

Aikaeli alianza kuona moshi. Alidhani ni wa jikoni, akabadilisha kuni. Halafu akawa anatia chumvi mara mbili. Asubuhi moja nipo kwenye migomba nasikia ananiamkia, "Habari za kuamka, Mama Naeku," nikaitika, lakini hakuwa ameelekea kwangu. Alikuwa analisalimia gauni langu lililoanikwa kwenye kamba. Nilicheka mpaka nilipomwona anavyosimama pale akisubiri gauni limjibu. Hapo nikaacha.

Tulimpeleka hospitali. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, dawa yake ni kupasuliwa, na asikawie. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Agosti kwa wiki moja. Apasuliwe kwa bima ya kaya. Na kaya haisajiliwi mpaka mkuu wa kaya afike ofisi ya kata, aweke kidole kwenye mashine.

Mkuu wa kaya akasema, "Kidole sitoi."

"Baba Esther, ni kidole tu. Hawakikati," nilimwambia.

"Mkono wa kuume, Mama Naeku! Imeandikwa watatiwa chapa mkono wa kuume. Na asiye nayo hanunui, hauzi. Leo hospitali, kesho dukani. Wanaanza na wagonjwa kwa sababu wagonjwa hawabishi."

"Na mkeo?"

"Imeandikwa pia, ni afadhali kuingia uzimani na jicho moja kuliko kutupwa motoni na mawili."

Aikaeli alikuwa anapepeta maharage, au tuseme alikuwa anayapapasa. Akasema bila kuinua kichwa, "Hilo moja lenyewe sina."

Ikaenda hivyo Juni nzima, na Julai. Esther binti yao alipiga simu kutoka Singida, akalia, akakata. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akafukuzwa. Usajili ulikuwa unafungwa Jumatatu ya mwisho wa Julai, na Ijumaa iliyotangulia ndiyo ilikuwa zamu ya Jumuiya kwa Sifaeli.

Alikuja mwinjilisti wetu mpya, Ezra, kijana aliyehamia kutoka Terrat, mwenye tabia moja tu mbaya kwa mujibu wa Sifaeli: Biblia yake iko ndani ya simu. Sifaeli hakungoja hata wimbo uishe.

"Mwinjilisti, hicho ulichoshika ni nini?"

"Neno la Mungu, mzee."

"Hiyo ni sanamu ya mnyama. Si imeandikwa sanamu itapewa pumzi, inene? Juzi mjukuu wangu ameiuliza hiyo kitu kwa mdomo, ikamjibu kwa Kiswahili. Ikamwita rafiki! Nani kaipa pumzi?"

"Mzee, mbona hata redio inanena."

"Redio inanena, haijibu!"

Watu wakaguna, eee. Na mimi nikakiri moyoni kwamba hapo kamshika. Ezra akajikohoza, akasema Yohana, aliyeandika Ufunuo, aliwaandikia watu wa wakati wake, waliokuwa wakionewa na mtawala wao, na kwamba wale walijua anamsema nani.

"Kwa hiyo aliwaandikia wao, akatusahau sisi?" Sifaeli akauliza.

"Hakutusahau. Lakini hakukaa kule kisiwani alikofungwa akiwaza bima ya Maji ya Chai."

"Wewe umejuaje alichowaza? Ulikuwepo?"

"Na wewe mzee, ulikuwepo?"

Kicheko. Sifaeli akavimba. Nami ulimi wangu haujui kukaa, nikauliza, "Baba Esther, hiyo laini iliyo mfukoni mwako imesajiliwa kwa kidole cha nani?"

Akatazama dari. "Cha mama."

"Haa! Kwa hiyo chapa kapigwa yeye, wewe unapiga simu tu. Motoni aende peke yake, wewe utamsalimia kwa vocha?"

Gidion, jirani wa chini, ambaye naye alikataa kusajili kaya yake kwa sababu Sifaeli amekataa, alicheka mpaka uji ukamtoka puani. Halafu akakumbuka msimamo wake, akajifuta pua na kukunja uso.

Sifaeli akapiga goti lake kwa kiganja. "Maneno ya barabarani hayo. Turudi kwenye kitabu. Mama Esther, wasomee sura ya kumi na tatu."

Aikaeli alikuwa na Biblia mapajani, imefunguka. Akaifunga. Akainyoosha kuelekea sauti ya mumewe ilikotoka.

"Soma mwenyewe."

Nje nguruwe wa serikali wanakoroma.

"Mama Esther, watu wanasubiri."

"Tangu Pasaka sijaona herufi hata moja, Baba Esther. Nilikuwa nakusomea ya kichwani. Ulipotaka ya kumi na tatu nilikupa ninayoikumbuka, na nisipoikumbuka niliunga. Ulieleza yote vizuri tu, niliyoyakumbuka na niliyoyaunga. Leo nimechoka. Soma wewe."

Nimeona watu wakivuliwa nguo hadharani, lakini si kwa upole ule. Sifaeli aliipokea Biblia. Aliifungua. Aliitazama kama mtu anayetazama injini ya lori. Hakuna aliyemsaidia, na nasema kweli, hakuna aliyetaka.

Ndipo Ezra, kwa moyo mwema kabisa, ambao ndio uliokuwa mbaya zaidi, akasogea akasema, "Mzee usihangaike. Hii yangu inasoma yenyewe kwa sauti. Nikubonyezee?"

Sifaeli akamtazama kijana. Akaitazama simu. Ukiona mtu anapima mambo mawili na yote ni machungu, utamjua kwa shingo. Mnyama amsomee habari za mnyama, mbele ya watu arobaini? Au ampe mnyama kidole, arudishiwe macho ya mkewe, asomewe nyumbani kwa amani?

"Weka mfukoni hiyo," akasema. "Tuimbe."

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa getini kwangu, kavaa koti lake la siku za Meza ya Bwana kanisani. "Mama Naeku, twende. Nawe ushuhudie kwamba naenda kwa shingo upande."

"Nitashuhudia hata upande gani wa shingo."

Aikaeli alikuwa katikati yetu, tumemshika mikono. Gidion akatufuata nyuma hatua kumi, kama mtu ambaye safari yake ni nyingine.

Ofisini palikuwa na foleni, na binti wa kusajili mwenye kucha ndefu nyekundu, na kimashine cheusi kidogo kuliko kipande cha sabuni. Ilipofika zamu yetu Sifaeli alivua kofia. Akafumba macho. Nadhani alikuwa anaomba, maana midomo ilicheza. Akanyoosha dole gumba la kulia kama anayelitoa kafara.

Mashine ikalia tii, ikatoa taa nyekundu.

"Rudia, babu. Bonyeza vizuri."

Tii. Nyekundu.

"Weka cha shahada." Nyekundu. Cha kati, nyekundu. Cha pete na cha mwisho, nyekundu. Binti akaushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Babu, mkono huu hauna alama. Zimelika zote. Wewe ni mtu wa panga, wa jembe, na huu utomvu wa migomba. Mashine haioni kitu."

Sifaeli akafumbua macho. Mtu aliyekataa miezi miwili kumpa mnyama kidole, sasa mnyama amekitazama, akasema hakitaki. Nilidhani atashukuru Mungu.

"Haioni vipi?" akafoka. "Mkono wangu huu umelima ekari mbili! Jaribu tena, binti. Mashine yako mbovu."

"Si mbovu. Imewasoma watu wote hawa."

"Basi ngoja niuoshe."

Akauosha kwenye bomba la nje. Nyekundu. Mama mmoja kwenye foleni akatoa limao kwenye kikapu, akausugua. Nyekundu. Mwingine akamletea mafuta ya kujipaka. Foleni nzima sasa ilikuwa inamsaidia, "Bonyeza babu! Usitetemeke! Kandamiza!" na Sifaeli anakandamiza, jasho linamtoka, anamwambia binti, "Tafadhali mwanangu, tafadhali," kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia hata madhabahuni. Aikaeli alikuwa kwenye benchi, kichwa kainamisha, anahesabu zile tii. Kila ikilia mabega yake yalishuka kidogo. Hapo ndipo nilipoona na mimi siwezi tena kucheka.

"Tujaribu kushoto," binti akasema.

Dole gumba, nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Cha pete cha mkono wa kushoto, kile ambacho hakijawahi kushika panga wala kufanya kazi yoyote ya maana maishani, mashine ikanyamaza kidogo, ikatoa taa ya kijani.

Watu wakapiga vigelegele. Sifaeli alikaa chini palepale sakafuni. Kisha taratibu nikaona uso unamrudia, na mwalimu anarudi ndani ya uso.

"Wa kushoto," akasema.

"Ndiyo, babu, wa kushoto."

"Andiko linasema wa kuume." Akasimama, akajifuta koti. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Bwana aliuziba wa kuume kwa jembe miaka hamsini, akijua siku hii. Hii si chapa. Hii ni bima tu."

Njia nzima alihubiri hilo. Maskini Gidion, aliyekuwa nyuma yetu, dole gumba lake la kulia lilisomeka mara ya kwanza. Hajapata amani tangu siku hiyo. Sifaeli humtazama kwa huruma, na humwombea kwa jina.

Aikaeli alipasuliwa jicho la kulia Agosti, Jumanne. Jumatano asubuhi nilikuwa kando ya kitanda muuguzi alipomtoa bandeji. Sifaeli alikuwa amekaa karibu sana, magoti yanagusa kitanda, kofia mkononi, na safari hii midomo haikucheza.

Aikaeli akapepesa. Machozi yakatoka, muuguzi akayapangusa. Akatazama dirisha, akatazama shuka, akatazama vidole vyake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Unaniona?" Sifaeli akauliza.

Akageuka. Akamtazama kuanzia kipara mpaka viatu.

"Nakuona," akasema. "Umezeeka, Baba Esther. Na shingoni hukunyoa."

"Ni mashine za vinyozi wa siku hizi. Unajua imeandikwa..."

"Nyamaza kwanza," Aikaeli akamwambia, na akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Bado natazama."