Povu kwenye Chupa ya Dawa

Kuna watu wamezaliwa na majibu, maswali yanawafuata baadaye. Shemeji wa Fundi ni mmoja wao. Hajawahi kushona hata kifungo, ila akiingia kwenye karakana ya Fundi anamfundisha kupigilia misumari.

Fundi mwenyewe ni mke wa kaka yake, mwanamke asiye na maneno mengi. Nusu ya makochi ya mtaa yametoka mikononi mwake. Mwaka jana pumzi ikaanza kumkimbia. Anabeba kiti kimoja tu, anakaa chini anahema kama kafukuzwa na mbwa. Shemeji akatoa hukumu: vumbi la sponji.

"Kunywa maziwa, yanasafisha kifua."

Akanywa. Yakamsafisha tumbo.

Hospitali wakaona jambo jingine. Mapafu yana utelezi wake, na kuna chembe za kinga zinazoufagia ukizidi. Wafagiaji hao wanaamshwa na protini ya mwili, na mwili wa Fundi ulikuwa unaishambulia protini hiyo hiyo. Wafagiaji wamelala, utelezi umejaa. Akapewa protini kama ile, iliyotengenezwa maabara, aivute kwa mashine ya mvuke. Taratibu akaanza kubeba viti tena. Masharti yalikuwa machache: ikae kwenye friji, isigande, isitikiswe. Ukiitikisa unaiharibu.

Jumamosi moja Fundi anatoka kuoga, anamkuta shemeji sebuleni kashika kichupa cha dawa hiyo, anakitikisa kama anachanganya rangi ya ukuta. Povu limejaa hadi shingoni.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nakusaidia. Usipotikisa, dawa inabaki chini, wewe unavuta maji matupu. Vile vingine nimeshamaliza."

Vile vingine! Dawa yote iliyobaki.

"Nani kakwambia vinatikiswa?"

"Si inajulikana! Dawa ya chupa lazima utikise."

Inajulikana na nani? Bwana huyu aliwahi kumnywesha mtoto dawa ya kikohozi, na udaktari wake wote ukaishia hapo.

Mama mkwe akachungulia kutoka jikoni. "Mwanangu, mwenzio alikuwa na nia nzuri. Vuta tu hiyo hiyo, asijisikie vibaya."

Hebu tuelewane. Mgonjwa avute dawa iliyoharibika, ili mzima asijisikie vibaya.

Fundi hajawahi kumjibu mama mkwe tangu aolewe. Akakitazama kile kichupa, akachukua simu, akampigia nesi wa kliniki, akaweka sauti ya nje, akamweleza.

"Kina povu?" nesi akauliza. "Usikitumie, dada. Njoo Jumatatu tuone kama tutapata vingine. Nani kakitikisa?"

Shemeji akapunga mikono kama anafukuza nzi: usinitaje, usinitaje.

"Shemeji yangu. Yupo hapa anakusikia."

"Mwambie hiyo siyo juisi."

Simu ikakatwa. Fundi akamgeukia mama mkwe. "Mama, unisamehe. Nia yake nzuri mimi siwezi kuivuta."

Mama mkwe akarudi jikoni.

"Na wewe shemeji, ufunguo wa hapa nyumbani aliokupa kaka yako, nipe."

"Ah, sasa tumefika huko? Kwa povu tu?"

"Nipe."

Akautoa mfukoni, akauweka mezani kwa kishindo. Fundi akamfungulia mlango. Shemeji akateremka ngazi huku anapaza sauti, anaeleza kwamba hata hao wa hospitali wanabahatisha tu, na kwamba asali ingemaliza kazi zamani.