Kumbikumbi wa Ijumaa

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kwa hiyo ni mtu wa kupanga. Nyumbani kwetu Katandala vikombe vinakaa na vikombe, sufuria na sufuria, na mke wangu amechoka kunicheka. Kila mwaka nawafundisha watoto wa kidato cha kwanza taksonomia, yaani elimu ya kuainisha viumbe hai, kila kimoja na jamaa zake. Huwa nawaeleza kwamba neno lenyewe ni la Wagiriki, na ndani yake mna mambo mawili, mpangilio na sheria. Wao huandika, kisha husahau. Hata mimi hilo la sheria nililichukulia kama pambo, mpaka Kwaresima ile mama alipohamia kwangu.

Alikuwa ametoka hospitali. Nimonia ilimwangusha akiwa shambani kwake Mollo, akalazwa, mapafu yakapona, lakini hamu ya kula haikurudi. Daktari alituambia wazi kwamba asipokula vyakula vya kujenga mwili atarudi wodini, na safari hiyo hakuahidi kitu. Mama alikataa mayai. Maziwa yalimkinaisha. Maharage aliyoyalima mwenyewe alisema yanamsumbua tumbo. Kitu pekee alichokubali ni kumbikumbi wakavu, waliokaangwa kwa chumvi, pamoja na ugali wa ulezi. Nilifurahi, maana kumbikumbi wana lishe kuliko watu wanavyodhani, na sokoni walikuwepo wale waliokaushwa tangu mvua za kwanza.

Soko letu nalo lina taksonomia yake. Uyoga unauzwa na mboga za majani, ingawa si mmea. Kumbikumbi wanapimwa kwa kopo katika safu ya dagaa, mbali kabisa na mabucha. Nilikuwa napita pale nikijichekea moyoni, nikiona jinsi watu walivyochanganya himaya, yale makundi makuu ya viumbe. Nilinunua makopo ya kutosha, mama akala, na mashavu yake yakaanza kujaa.

Ijumaa za Kwaresima nyumbani kwetu hatuli nyama. Mama ndiye aliyetulea hivyo. Kwa miaka mingi alifundisha katekisimu kwenye kigango cha kijijini, na hata mimi nilipitia mikononi mwake, nikichapwa kuliko wenzangu ili wasiseme ananipendelea. Ijumaa moja jioni alikuwa ameketi karibu na jiko la mkaa, amevaa sweta mbili kwa baridi ya huku kwetu, sahani ya kumbikumbi mapajani. Binti yangu, ambaye mwaka huo alikuwa kidato cha kwanza, alikuwa anajisomea pembeni.

"Mjukuu wangu, unasoma nini hicho kama unasali litania?" mama akamuuliza.

"Uainishaji, bibi. Himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Kila kiumbe kina mahali pake."

"Haya. Ng'ombe?"

"Himaya ya wanyama."

"Kuku?"

"Himaya ya wanyama."

Mama akatabasamu, akachota kumbikumbi kidogo kwa vidole. "Na hawa?"

"Na hao pia, bibi. Himaya ya wanyama."

Mama alirudisha kumbikumbi kwenye sahani, akaifunika sahani kwa kitambaa, akaisukuma chini ya stuli. Binti yangu aliniangalia, mimi nikamwangalia mama. Jibu lilikuwa sahihi, ningempa alama zote.

Hakula siku ile. Kesho yake alikunywa chai ya rangi, basi. Jumapili, siku ambayo hata nyama ingeruhusiwa, hakugusa kumbikumbi, wala kitu kingine cha maana. Nilikasirika. Nilidhani ni ukaidi wa uzee, na nilimwambia mke wangu kwamba mtu aliyelima vilima vya ulezi tangu usichana wake hawezi kuuawa na somo la kidato cha kwanza. Mke wangu alisema niende nikamuulize badala ya kulalamika jikoni.

Nikaenda. Nilimkuta amelala akitazama ukutani.

"Mama, kama ni Ijumaa ndiyo inayokusumbua, padre atakuondolea. Hukujua."

"Siyo mimi, mwalimu." Aliniita mwalimu siku alizotaka kuniweka mbali. "Ni kaka yako."

Kaka huyo nilimjua kwa kaburi tu. Alinitangulia kuzaliwa, akafa kwa surua akiwa hajaanza shule, na kila Novemba, siku ya marehemu, tulikuwa tunapalilia majani juu yake. Mama hakuwahi kusema zaidi ya hapo, na sisi hatukuuliza. Siku ile alisema, akiwa bado ameelekea ukutani.

Mtoto alikuwa hoi, na ilikuwa Ijumaa Kuu. Baba alichinja kuku ili mtoto anywe mchuzi. Mama, bado mke kijana, mcha Mungu kupita kiasi, aliuweka mchuzi kando mpaka Ijumaa Kuu ipite. Mtoto aliulilia kwa harufu. Mama akamtwangia kumbikumbi, akawachanganya kwenye uji, akamlisha kwa kidole. Alfajiri ya Jumamosi mchuzi ulikuwa umeganda na mtoto amekufa.

"Nikajiambia, walau nilishika sheria," alisema. "Hilo ndilo nililoegemea miaka yote. Sasa mtoto wako anasema kumbikumbi na kuku ni nyumba moja. Basi hata sheria sikuishika. Nilimnyima bure."

Ningeweza kusema kwamba mchuzi wa kuku hautibu surua. Ni kweli, na nilikuwa nayo mdomoni. Lakini uso wake ulikuwa umekonda vile, na moyo uliniuma, nami si mtu wa kuumwa moyo ovyo. Nikavuta stuli nikaketi.

"Mama, samaki tunakula Ijumaa?"

"Tunakula."

"Samaki naye yumo katika himaya hiyo hiyo. Tena ana uti wa mgongo kama mimi na wewe. Yuko karibu na sisi kuliko kumbikumbi. Na Kanisa linamruhusu."

Nikaendelea, taratibu, kama ninavyofanya kwa mwanafunzi mzito, ingawa yeye hakuwa mzito. Nilimwambia kwamba sisi wa sayansi tunawapanga viumbe kwa undugu wao, nani ametoka wapi na nani. Kanisa linawapanga kwa jambo jingine, kwa kile ambacho mtu anajinyima. Ni mipangilio miwili na kila mmoja una sheria yake, wala mmoja hauvunji mwingine.

"Na kumbikumbi, huko kwenye mpangilio wa Kanisa, anakaa na nani?"

"Sokoni wanamuuza na dagaa," nikasema.

Sikuwa nimetegemea jibu hilo liwe na uzito wowote. Mama aligeuka akanitazama muda mrefu.

"Basi niliishika," akasema.

"Uliishika, mama."

Kulikuwa na jambo moja nililolibakiza. Sheria ile ile haiwafungi wagonjwa wala watoto wadogo. Kaka yangu angeweza kunywa mchuzi wake Ijumaa Kuu mchana kweupe bila dhambi ya mtu yeyote. Nilimeza maneno hayo nikidhani namficha mama kitu.

Jioni ile alikula. Ijumaa iliyofuata alifanya ishara ya msalaba, akavuta sahani ya kumbikumbi, akala wote. Binti yangu alikuwa ameketi mahali pake pa kawaida, lakini alikuwa na kikohozi na homa kidogo, kichwa amekilaza juu ya meza.

"Huyu mtoto anaumwa," mama akasema. "Chinjeni kuku."

"Bibi, leo Ijumaa," binti yangu akasema.

"Mgonjwa hafungi. Mtoto hafungi. Ndivyo sheria ilivyo."

Alisema kwa sauti ile ile ya kigangoni, na hapo ndipo nilipokumbuka nilikoipata sheria hiyo. Niliipata kwake. Alitukaririsha maneno hayo kila Kwaresima, kuliko amri zote kumi, na aliyeyakosea alichapwa. Nani alimfundisha yeye, sijui. Aliyajua kaburi la kaka yangu likiwa limeshafunikwa.

Tulichinja kuku. Mama alisimama mlangoni pa jiko, shuka begani, mpaka mchuzi ulipoiva. Aliupoza mwenyewe kwa kuumimina bakuli hadi bakuli, akaketi karibu na mjukuu wake, akamshikia bakuli mdomoni, na hakuliondoa mpaka lilipokuwa tupu.