Dirisha Lilitoka Vizuri

Kwenye disketi ile ile kulikuwa na picha za samaki. Minofu ya sangara imelazwa juu ya meza nyeupe, kila mshipa unaonekana, na pembeni kuna rula ya kuonyesha urefu. Hata tone la maji lililobaki kwenye nyama ungeliona. Baada ya samaki zikafuata picha za mama yangu, na mama yangu alikuwa giza tupu. Mpaka leo nikifikiria hilo nakasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Kaka yangu alikuwa karani kwenye ofisi ya ubora ya kiwanda kimoja cha samaki pale Mwanza. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, soko huria limeshika kasi, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi wenye ziwa tunauziwa mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki baada ya nyama kusafiri. Wanunuzi wa huko walitaka kuuona mzigo kabla hawajaupokea, ndiyo maana kiwanda kikawa na kamera ya dijitali, nene kama tofali, inayomeza disketi ubavuni. Hata studio za mjini hazikuwa na kitu kama hicho.

Mama alikuwa anaumwa saratani ya kizazi. Hospitalini walishatuambia turudi naye nyumbani, na kila mtu mzima anajua maana ya maneno hayo. Alilala chumba cha nyuma katika nyumba yetu Mabatini, akiuguzwa na mama mdogo, aliyekuwa amevuka ziwa kutoka Nansio kuja kumwangalia dada yake. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Ilishakubaliwa kwamba akizaliwa wa kike atachukua jina la mama, kama mama alivyochukua la bibi yake. Asubuhi moja nilipokuwa namwosha miguu aliniuliza, "Huyo atakayeitwa mimi, atanijuaje?"

Mama hakuwa na picha. Aliyokuwa nayo ni moja tu, ya kwaya ya kanisa, na humo mkono wa mwalimu wa kwaya ulikuwa umemziba kuanzia paji la uso mpaka kidevu. Miaka yote tulikuwa tunamtania kwa picha ile, naye anacheka kuliko sisi. Siku hiyo haikuchekesha.

Nilitaka kumwita mpiga picha wa mtaani. Mama alikataa katakata. Alikuwa amekonda sana, na miaka ile mtu akikonda walimpa ugonjwa mmoja tu, hata kama daktari ameandika mwingine. Majirani walishaanza kupunguza sauti wakipita dirishani kwetu. Mpiga picha angemwona, na angesema. Halafu filamu ingepelekwa kusafishwa studio, na wenye studio walikuwa na tabia ya kubandika sura za watu kwenye kioo cha mbele bila kumuuliza mwenye sura.

"Sitaki kuwa tangazo," mama alisema.

Kaka ndiye aliyeleta wazo la kamera ya kiwandani. Haina filamu, haihitaji studio. Picha zitatoka kwenye disketi na kuingia kwenye kompyuta ya ofisi nilimokuwa nachapa barua za watu, na hakuna mgeni atakayemwona. Mama alifikiri kidogo, akakubali kwa sharti moja: apigwe ndani, mlango umefungwa.

Kaka aliiomba kamera kwa mkuu wake, akaja nayo Jumapili baada ya ibada. Mama mdogo alikuwa amemvalisha mama gauni lake la bluu iliyoiva, akampaka mafuta usoni, akamfunga kilemba. Umeme ulikuwa umekatika, na hakuna aliyeshangaa. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo linalotazama uwanja wa jirani. Tulijadiliana, tena kwa umakini wote, tukaamua kumweka palipo na mwanga. Tukamkalisha mgongo ukiwa dirishani, nuru imzunguke, na jirani akichungulia aone kilemba tu. Tulijiona tuna akili sana.

"Hapo hapo dada, umependeza," mama mdogo alisema.

Kaka akabonyeza. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera kikatokea kivuli cheusi kikubwa na nyuma yake mraba mweupe.

"Kaka, mbona giza?" nilimuuliza.

"Hiki kioo chenyewe ni kidogo. Ukiingiza kwenye kompyuta itafunguka."

Hakuwa anadanganya, aliamini hivyo. Na mimi ninayeshinda mbele ya kompyuta kutwa nzima nilimwamini, maana siku zile tulidhani kompyuta inaweza kila kitu. Mama alijaribu kutabasamu, akajaribu kukaza uso, akajaribu kugeuka kidogo. Alikaa wima mpaka mabega yakaanza kutetemeka. Tulipomrudisha kitandani aliuliza, "Nimetoka?" Sote tukamjibu kwamba ametoka.

Kesho yake mchana, wenzangu walipokwenda kula, niliifungua disketi. Walikuja samaki, akaja mama. Nilipandisha mwangaza. Weusi ukawa kijivu, na kijivu kikajaa vidoadoa vya kijani na zambarau, kama pumba zilizomwagwa. Nikapandisha tena. Uso ukakatikakatika vipande vya mraba, pua ikamezwa na shavu, macho yakabaki matundu mawili ambayo yangeweza kuwa ya mtu yeyote. Nikishusha, anarudi gizani. Nikipandisha, anakuwa majivu. Wiki nzima sikula chakula cha mchana. Niligundua kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniambia, kwamba mwanga ambao haukuingia kwenye kamera hauwezi kuongezwa baadaye. Unachoongeza ni uchafu.

Dirisha lakini lilitoka vizuri. Nyuma ya bega la mama unaona kamba ya jirani, sare ya shule imeanikwa, vibanio vyake vinaonekana kimoja kimoja, na shati lenye kiraka mgongoni.

Kaka aliporudisha kamera kiwandani, mwenzake aliyeizoea alimuuliza kama aliibandua plasta. Plasta gani? Kumbe minofu mibichi ikipigwa flashi inametameta, haionekani rangi yake. Kwa hiyo walikuwa wameiziba flashi kwa plasta ya kidonda, na plasta ikashika vumbi na mafuta ya samaki mpaka ikafanana na kamera yenyewe. Kaka alikuja kunieleza hayo akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Ningeibandua kwa ukucha tu," alisema. Alirudia maneno hayo mpaka nikamwomba anyamaze.

Tulisema basi, tumpige tena. Mkuu wake alimwahidi kamera wiki inayofuata. Ndipo Ulaya wakakataa samaki wetu, ikisemekana kuna wavuvi wanavua kwa sumu ziwani. Kiwanda kikasimama. Kaka na wenzake wakarudishwa nyumbani, ofisi zikafungwa na kamera ikiwa ndani. Alikwenda getini kuomba, akarudi. Alikwenda tena, akaambiwa mwenye funguo amesafiri na hajulikani atarudi lini.

Mama alikuwa akiuliza picha iko wapi. Mama mdogo alimwambia inatengenezwa. Baadaye mama aliacha kuuliza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alitaka tu kushika tumbo langu, anaweka kiganja na kukiacha pale. Nikamwambia sasa, mama, niende nikamlete yule wa mtaani, watu waseme watakavyo. Akatikisa kichwa. Uso aliokuwa nao kufikia wakati huo, alisema, si wa kumwachia mtoto.

Alifariki kabla kiwanda hakijafunguliwa. Msibani tuliweka juu ya jeneza moja ya zile picha za disketi, niliyoichapa ofisini kwenye karatasi, kwa sababu watu huweka picha na sisi hatukuwa na nyingine. Waombolezaji walipita wakiinama, wanaitazama, wanainua macho haraka. Mama mmoja wa kanisani alimnong'oneza mwenzake kwamba tumekosea, tumeweka picha ya chumba.

Mtoto alizaliwa wa kike, tukampa jina. Alipofika umri wa kuuliza, alitaka kumjua mwenye jina, nikamtolea ile karatasi. Aliipeleka mlangoni kwenye jua, akaigeuza huku na huku. Aliuliza sare ile ya shule ni ya nani, nikamweleza habari za yule jirani, na hizo nilizikumbuka zote. Kisha akauliza, "Bibi mwenyewe alikuwa anafananaje?"

Nikamwambia asubiri. Nikafumba macho ili nimwone mama vizuri, nimweleze mjukuu wake. Ikaja ile karatasi.