Programu ya Kupitisha Salamu

Baba yangu alikuwa na swali moja tu kwa kila muuzaji wa programu za mikutano ya video aliyeingia ofisini kwetu Ghubra, Maskati: "Salamu itapita?" Wauzaji walikuwa na majibu ya kila kitu isipokuwa hilo. Walijua picha itakuwa safi kiasi gani, watu wangapi wataingia kwa pamoja, na namna ya kuonyesha karatasi moja kwenye kompyuta za pande zote mbili. Salamu waliiona ni mzaha wa mzee. Mimi niliyekuwa nikiwatafsiria nilijua kwamba hakuna mzaha, kwa kuwa nilikuwapo siku salamu ilipokwama, na nusura ndugu wawili wa tumbo moja wagawane kila walichokijenga.

Biashara ilikuwa ya Baba na ammi yangu, mdogo wake. Baba alikuwa Maskati, ammi Unguja. Sisi tulipeleka pampu za maji na spea za magari, yeye akatuletea mdalasini, iliki na pilipili manga. Karafuu hatukuzigusa, zile zina wenyewe.

Miaka ya tisini, nilipokuwa bado skuli, waliendesha mambo kwa simu na kwa kaseti. Simu ilikuwa ghali, kwa hivyo ikabaki kuwa ya bei na mizigo tu. Mengine yote yalikwenda kwa kaseti, ikibebwa na yeyote aliyekuwa anasafiri. Siku ya kurikodi ilikuwa adhabu kwetu. Baba alikuwa akizima kiyoyozi ili kisivume ndani ya kanda, akaweka redio kaseti juu ya mto, nasi tukaamrishwa tukae kimya huku jasho linatuchuruzika mgongoni. Upande wa kwanza wote ulikuwa salamu. Aliwasalimia wakubwa, akawasalimia wadogo, akamsalimia jirani wa kulia na jirani wa kushoto, akauliza hali ya goti la mtu fulani ambaye, kwa hesabu zangu, lazima alikuwa keshapona au keshakufa. Biashara ilianza upande wa pili, na mara nyingi kanda ilikwisha kabla biashara haijafika mwisho.

Kaseti za ammi nilizipenda zaidi. Alikuwa akisema "Assalaam alaykum, kaka," kisha ananyamaza. Ananyamaza hasa, unasikia kuku wa uani. Aliacha nafasi ya kuitikiwa. Na Baba, sebuleni kwetu Maskati, wiki mbili baada ya maneno yale kusemwa, alikuwa akiitikia kwa sauti kubwa, "Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu," halafu ammi anaendelea kwenye kanda kama aliyesikia. Tulimcheka Baba tukajificha jikoni. Leo ningetoa chochote kuisikia tena sebule ile.

Kisha zikaja barua pepe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa nimemaliza masomo na kuingia ofisini kwa Baba, binti mwenye cheti cha kompyuta na mdomo usiofungika. Barua zetu ziliandikwa kwa Kiingereza na karani wetu, mtu mwema kutoka Kerala, India, na kule Unguja zilijibiwa na karani wa ammi. Makarani walielewana vizuri sana. Waliokuwa hawaelewani ni mabwana wao. Barua ya karani haina goti la mtu wala jirani wa kushoto. Inaanza na namba ya mzigo na inamalizika na jina la kampuni. Ammi akisoma "jibu kabla ya kesho" anamsikia kaka yake mkubwa akimfokea. Baba akisoma "tumeshaeleza hapo awali" anamsikia mdogo wake akimpandishia sauti. Mwisho ukafika mzigo wa pampu ukiwa na kutu, kila upande ukautupia mwenzake lawama, na ammi akaandikisha barua iliyosema waziwazi: tugawane, kila mtu ashike njia yake.

Baba aliisoma, akavua kofia yake, akaivaa tena. "Huyu ni mimi nliyemfundisha kuogelea," akasema.

Dawa ya haraka ingekuwa safari, lakini Baba alikuwa ametoka kupasuliwa moyo na daktari wake hakutaka kusikia habari ya ndege. Ammi naye alipanda ndege mara moja tu maishani, akateremka akiapa kwamba hatarudia, na kiapo hicho hata mkewe hakuweza kukivunja. Basi ikabaki njia moja. Waonane kwenye kompyuta.

Zile programu za bure za kupigia simu zilikuwa zimezuiwa Oman siku hizo, hazifunguki, kwa hivyo ilibidi tununue ya ofisi, yenye leseni na fundi wake. Muuzaji wa kwanza alikuwa kijana mtanashati mwenye kompyuta ya mkononi na kalamu tatu mfukoni. Programu yake, alisema, ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya intaneti dhaifu. Mmoja anasema kwa wakati mmoja. Ukitaka kusema unabonyeza kitufe na kukishikilia, taa inakuwa kijani, na wenzako wote sauti zao zinazimwa. Na ili mtandao usilemewe, picha inayotembea ni ya anayesema peke yake. Wengine wanabaki wameganda. Nilipoiangalia niliiona nzuri, na yeyote mwenye cheti kama changu angeiona nzuri.

Siku ya mkutano Baba alivaa kanzu mpya na kilemba, akajifukiza ubani na udi. Nikamwambia, "Baba, harufu haipiti kwenye kompyuta." Akaniambia, "Wewe hujui kinachopita." Kahawa na halwa viliwekwa mbele ya kamera, upande ambao ammi angeviona.

Ammi akatokea. Kichwa chake kilikuwa kimeshakuwa cheupe, na Baba alivuta pumzi, maana miaka mingi ilikuwa imepita. Ammi akabonyeza kitufe kama alivyoelekezwa, akasema, "Assalaam alaykum." Kisha, akiwa bado amekishikilia, akasubiri kuitikiwa.

Angefanya nini kingine? Mtu akitoa salamu husubiri. Lakini maadamu kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, sauti yetu ilikuwa imezimwa. Baba aliitikia. Aliitikia kwa sauti ambayo karani alitoka chumba cha pili kuja kutazama. Kule Unguja ammi aliona uso wa kaka yake umeganda, mdomo umefumbwa, macho hayapepesi. Akatoa salamu mara ya pili. Baba akaitikia tena, akaegemea mbele, karibu aimeze kamera. Mimi nilikuwa nabonyeza kila kilichobonyezeka. Ammi akatoa salamu mara ya tatu, taratibu zaidi, na sasa nilimwona jicho limebadilika.

Kwetu sote tumefunzwa tangu utotoni: ukifika mlangoni kwa mtu, toa salamu mara tatu. Usipoitikiwa, rudi ulikotoka. Ammi alifanya vile vile alivyofunzwa. Aliinuka kitufe bado amekishikilia, akakiachia akiwa keshatoka mbele ya kamera, na mbele yetu kikabaki kiti kitupu na saa ya ukutani.

"Nimemuitika!" Baba akasema, akitugeukia mmoja mmoja. "Nimemuitika, nyie mashahidi. Nimemuitika au sikumuitika?"

"Umemuitika, Baba."

"Basi mwambieni!"

Nilipiga simu. Alipokea mke wa ammi, akaniambia mumewe ameingia chumbani na hataki kusema na mtu. "Kanambia kaka yake kakaa kama sanamu, mwanangu. Kanambia, hata salamu ya Mungu kaninyima." Nilimweleza habari ya kitufe, nikaeleza tena, akanisikiliza kwa subira. "Mie nimekufahamu," akasema mwishoni. "Lakini yeye hasa kinamuuma si kitufe. Ile salamu hakuisikia kujibiwa, basi. Ukimueleza mambo ya kompyuta ataona mnamchezea."

Ndipo swali la Baba lilipozaliwa. Kila muuzaji aliyekuja baada ya hapo alipokewa kwa kahawa, akaachwa amalize sifa zake zote, kisha akaulizwa kama salamu itapita. Baba hakungoja majibu. Alikuwa na mtihani wake mwenyewe. Alikaa yeye ofisini na mimi nikapelekwa stoo, kati ya maboksi ya pampu, na kompyuta ya pili mapajani. Sharti lilikuwa tusalimiane kwa mpigo mmoja, yeye anatoa huku mimi naitikia, hujambo na sijambo zikipandana, kama watu wanavyosalimiana. Programu moja ilikuwa na picha ya kupendeza, niliweza kuona uzi wa darizi kwenye kofia ya Baba, lakini wawili tukisema pamoja ilimchagua mwenye sauti kubwa ikammeza mwenzake. Baba akaikataa. Muuzaji akanitazama kwa huruma, akaniuliza kwa Kiarabu cha dukani kama mzee ni mgonjwa.

Nilikasirika na nikamjibu vibaya, na sijutii hata leo.

Iliyofaulu ililetwa na fundi mmoja mnyamavu ambaye mwenyewe hakuisifu sana. Picha yake ilikuwa aibu. Ndevu za Baba zilikuwa doa jeupe, na halwa ungeweza kudhani ni matofali. Lakini sauti zote mbili zilikwenda na kurudi kwa pamoja bila kumezana. Ilikuwa na kasoro moja tu, mwangwi. Kila neno lilifika, kisha likafika tena, hafifu kidogo. Fundi alisema ataurekebisha akipata kifaa. Baba hakutaka kungoja kifaa.

Mke wa ammi ndiye aliyemrudisha mumewe kwenye kompyuta, sijui kwa maneno gani. Alinipigia Ijumaa baada ya sala. "Kesho atakaa. Lakini asikufiche mtu, mwanangu, anakaa kusikia mtagawana vipi tu. Karatasi zake kashaziandika." Nilimwambia Baba nusu ya maneno hayo. Nusu nyingine aliisoma usoni kwangu.

Jumamosi, ambayo kwetu siku hizo ndiyo ilikuwa mwanzo wa wiki, Baba alivaa kanzu ile ile na kujifukiza udi ule ule. Safari hii chetezo nilimshikia mimi. Nilikuwa na hofu. Nilikuwa nikiwaza kwamba mtu akimpoteza ndugu yake akiwa na moyo ulioshonwa, hao mafundi wa hospitali watashona nini tena?

Ammi akatokea, doa la hudhurungi lenye weupe juu. Mbele yake mezani kulikuwa na weupe mwingine, mkubwa, wa mraba, nami nikajua ndizo karatasi. Hakutoa salamu. Mara hii hakutoa. Alikaa tu.

Baba ndiye mkubwa, na kwa desturi yetu mdogo ndiye huanza. Lakini alikohoa, akaanza yeye.

"Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakatuh," akasema.

Aliitikia salamu ambayo Jumamosi hiyo haikutolewa, ile ya mkutano wa kwanza. Ikaenda Unguja, na nyuma yake, kwa mwangwi, ikaenda tena: wa alaykumu ssalaam.

Halafu ikaja sauti ya ammi: "Kaka, n'nakusikia mara mbili."

"Na ungenisikia mara tatu," Baba akasema. "Zote tatu nlikuitika siku ile. Moja imepotea njiani, n'takulipa n'kikuona."

Sijui ammi alicheka au alilia, picha ilikuwa mbovu mno. Nilichoona ni ule weupe wa mraba ukiondoka taratibu mezani na kutoka nje ya skrini, na mahali pake pakawekwa kitu kidogo, cheusi. "Waambie wakutilie kahawa," ammi akasema. "Nami nimeshatiliwa. Na huo moyo vipi, wanasema umepasuliwa? Mbona hukunambia mwenyewe?" Wakaanza. Hujambo ikapanda juu ya sijambo, mwangwi ukapanda juu ya vyote, majirani wakaulizwa, wa kulia na wa kushoto, na yule mwenye goti kumbe yuko hai. Pampu zenye kutu hazikutajwa mpaka Jumamosi iliyofuata, na wakati huo hasara wakaibeba pamoja.

Fundi alirudi na kifaa chake cha kuondoa mwangwi. Baba alimpa kahawa, akamshukuru, akamwambia akiuze kwingine. Tuliitumia programu ile mbovu kwa miaka, mpaka Baba alipofariki, na hata baada ya hapo nilichelewa kuifuta.

Sasa tuna nyingine. Picha ni safi hata naziona dawa za ammi zilivyopangwa dirishani kwake, na mwangwi hakuna kabisa. Yeye ni mzee sana, biashara kwao wanaiendesha wanawe, lakini Jumamosi huletwa mbele ya skrini kwa muda mfupi. Hutoa salamu, nami humuitikia. Kisha hunyamaza, kichwa amekiinamisha upande kidogo, akiisubiri ya pili. Namuitikia tena.