Maini, Changu na Ukoko wa Jirani

Sitaki kujifanya mwema katika habari hii. Nilimchukia jirani yangu kwa muda wa miezi minne, na nilimchukia kwa raha, kama mtu anavyokuna upele. Yeye ni mpishi wa harusi, mama wa makamo, mtu wa Amu, yaani Lamu yenyewe, tangu kwa mababu. Mimi ni mwalimu kutoka bara, na huu ni mwaka wangu wa tisa Lamu. Nimepanga huku juu kwenye mchanga, nje ya mji wa kale, ambako mwenye mbwa haulizwi maswali mengi. Ua wake umetenganishwa na wangu kwa kiambaza cha makuti tu.

Mbwa wangu nilimpata Ras Kitau, ng'ambo ya maji. Nyumba moja ya wageni ilifungwa, wenyewe wakapanda ndege, wakamwacha ufukweni akizingojea boti ambazo hazikuwa na mtu wake. Nilimvusha, nahodha akashurutisha tukae mbele kabisa asiguse mizigo ya watu. Alikaa nami miaka sita. Mwaka jana, nikimkuna tumbo, nilikuta uvimbe mgumu karibu na titi la nyuma, mkubwa kama kokwa ya embe.

Daktari wa mifugo, ambaye siku nyingi hushughulika na kwato na vidonda vya punda, alikata kipande akakipeleka Mombasa. Jibu lilirudi: saratani. Kwa jinsi mbwa alivyokuwa akipumua, daktari aliona imekwisha kupanda mapafuni.

"Kumpasua sasa ni kumtesa," aliniambia. "Mlishe vizuri. Chakula hakitamponya, mwalimu, nisikudanganye. Lakini ugonjwa huu unamla nyama, basi wewe mrudishie."

Nikaandika nyuma ya karatasi ya mtihani. Moyo wa ng'ombe, na maini kidogo. Samaki wa kuchemsha, atolewe miiba. Mayai. Wali kijiko kimoja au viwili, basi. Kidogo kidogo, mara nne kwa siku, na kipashwe moto ili harufu imtie hamu. Nyama mbichi hapana, mwili wake hauna tena nguvu ya kupigana na vijidudu. Mifupa iliyopikwa hapana. Vitunguu vya aina zote hapana, vinaharibu damu. Zabibu hapana kabisa, zinaua figo. Nilimuuliza, hata chache? Akasema hata chache.

Basi mimi niliyekuwa nikienda shule na chai kavu nikawa mpishi. Alfajiri nilichemsha moyo, jioni nilichambua samaki aina ya changu kwa vidole hadi kucha zikanuka. Muuza samaki alinitania, "Mwalimu, huyo mgeni wako wa kila siku mbona hatumuoni?" Siku mbwa alipomaliza bakuli niliingia darasani nikicheka. Siku alipogeuza uso, wanafunzi waliijua kabla sijafungua kinywa. Nilijua atakufa. Nilichotaka ni afe akiwa na nyama mgongoni, na afe kwa ugonjwa wake, si kwa mkono wa mtu.

Kisha alasiri moja nikakuta upande wangu wa kiambaza pametupwa ukoko wa pilau, ule mkavu unaobanduliwa chini ya sufuria, umejaa vitunguu vya kukaanga na zabibu zilizovimba. Nilizunguka hadi mlangoni kwake, nikambishia hodi kwa adabu, nikamsomea karatasi yote, jambo moja baada ya jingine. Alisikiliza huku akijifuta mikono kwa leso.

"Nimemuona mbavu zimemtoka," alisema. "Nikasema asife na ndaa karibu na mlango wangu."

Wiki mbili baadaye, ukoko tena. Safari hii sikupiga hodi. Alisema ni msaidizi mgeni aliyetupa, hakujua. Sikumwamini. Nilikumbuka kwamba aliwahi kumwambia mwenye nyumba wangu malaika hawaingii penye mbwa. Nilikumbuka wasaidizi wake walivyocheka, mbwa anakula maini na watu wanakula sukuma wiki. Niliyaunga yote nikapata jambo moja tu: mama huyu anataka kumuua mbwa wangu, na anataka nimshukuru kwa sadaka.

Mara ya tatu sikuona ukoko. Nilimkuta mbwa ametapika wali mlangoni, na katikati ya wali palikuwa na zabibu moja nzima. Sikumuuliza mtu. Wenyewe husema hasira hasara, na siku hiyo niliona msemo huo umetungwa na mtu asiye na jirani.

Miaka yangu ya Lamu si kidogo, nilijua pa kumpiga. Mbwa akilamba chombo, kwao ni najisi nzito. Hakitumiki mpaka kioshwe mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Masufuria ya mama yule ndiyo yaliyokuwa heshima yake. Familia za mji hazikuuliza kama anajua kupika, ziliuliza tu kama ana nafasi. Siku ya Alhamisi alikuwa amepika karamu moja, na kesho yake alikuwa na nyingine. Masufuria yalikuwa uani, hayajaoshwa, na adhana ya alasiri ilipotoka yeye na wasaidizi wake wakaingia ndani kusali.

Nilimfunga mbwa kamba nikapita naye penye uwazi wa kiambaza. Sufuria kubwa kuliko yote lilikuwa limelazwa ubavu. Yule ambaye kwa siku tatu nilikuwa nikimbembeleza kijiko kwa kijiko alitia kichwa na shingo nzima ndani, akala. Nilisikia meno yakikwaruza chini. Mkia ulikuwa ukicheza. Moyoni nilimwambia, kula mwanangu, kula, mlambie mpaka mwisho. Sikumbuki siku nyingine mwaka ule niliyofurahi vile.

Nikangoja. Sikutaka aambiwe na mtu, nilitaka kuuona uso wake. Walipotoka nilikuwa nimesimama palepale na kamba mkononi.

"Bi, mbwa wangu amelamba sufuria lako. Nimemleta mwenyewe."

Wasaidizi walishika vinywa. Yeye aliliangalia sufuria, akamwangalia mbwa, akaniangalia mimi. Matusi yangu yalikuwa tayari, nikingoja yake yatangulie.

"Amekula ule ukoko?"

"Wote."

"Mwalimu," alisema, "mle mna zabibu. Nalizitia nyingi, pilau ya harusi. Si wewe ulinambia zaua mafigo?"

Nilitazama ndani ya sufuria. Lilikuwa jeupe.

"Mpeleke kwa daktari," alisema. "Sufuria tutaosha."

Nilimbeba, kwa sababu hakuweza kukimbia. Daktari alimdunga sindano ya kumtapisha, chakula kikatoka kiasi. Akauliza amekula nini, nikasema pilau. Akaacha alichokuwa akikifanya.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

"Nani amempa?"

Ningeweza kusema kweli. Mdomo ulikuwa wangu. Lakini jina la mama yule lilikuwa limenikaa mdomoni miezi minne likingoja siku kama hiyo, na lilitoka lenyewe.

Asubuhi yake daktari alikwenda kwake. Nilikuwa nyuma ya kiambaza, mbwa amelala miguuni pangu, mkojo umekatika. Nilimsikia daktari akisema kwa ukali kwamba mnyama mgonjwa hatupiwi mabaki, kwamba alionywa zaidi ya mara moja, kwamba hii si sadaka. Nilijua sasa atasema. Atasema ni mwalimu, alimleta kwa kamba, waulize wasaidizi wangu. Nilishika fito za kiambaza nikingoja.

"Ukoko ni wangu, daktari," alisema. "Mngu anisamehe."

Mbwa alikufa siku ya nne. Daktari akipita njia yetu husimama kwangu kunijulia hali, na kwa mama yule hupita bila salamu. Yeye huendelea kufagia ua wake. Mimi sijamwambia daktari kitu.